Kondoo wa Nyuma

Nianze na sikio langu, maana ndilo lililoleta yote haya. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa pampu za maji, na ile pampu yetu kubwa ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba ndege wakikaribia paa walikuwa wakirudi kinyumenyume. Usiamini ukitaka. Sikio la kulia nililiacha hukohuko, kama mtu anavyosahau koti kazini siku ya kustaafu. La kushoto ninalo bado, ila linafanya kazi siku likijisikia.

Shule sikuiona sana. Nilichosoma nilikiokota kwenye magazeti ambayo jirani yangu Bucha anafungia nyama, na sarufi nikajifundisha kwenye kitabu kilichokosa jalada na nusu ya kurasa. Kwa hiyo mambo mengi nayajua mwanzo wake tu. Lakini ngeli za nomino zilikuwa kwenye ile nusu iliyobaki, na kwenye ngeli hunipati.

Wakati huo binti yangu alikuwa amerudi kukaa nami. Ni mwanangu wa pekee, mama yake alishatangulia, na mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu unayempata zaidi kwenye simu kuliko kwenye kiti. Binti alikuwa mjamzito. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza presha ilimpanda ghafla, mtoto akazaliwa kimya. Alipopata nguvu za kuuliza kwa nini, daktari alimjibu kwa upole kwamba pengine wangeweza kujua, lakini vilivyotoka pamoja na mtoto vilikuwa vimeshatupwa.

Vimeshatupwa. Neno hilo lilimkaa mwanangu kooni kama mwiba wa samaki. Unaweza kuwa unaongea naye habari za bei ya sabuni, akanyamaza, ukajua limemchoma tena.

Basi kliniki walipomweleza kwamba kuna utafiti wa akina mama waliowahi kupatwa na presha ya mimba, alikubali kabla hawajamaliza sentensi. Walimsomea masharti yote, wakamwambia anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa, akatia saini. Tangu siku hiyo akawa anatembelewa nyumbani na muuguzi mmoja kijana, mwenye mwendo wa haraka na boksi la bluu la kutunzia baridi. Mimi nilimwita Dada wa Boksi, naye aliitika.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Leo umekuja kuchukua nini tena?”

“Damu kidogo, na mkojo.”

“Mara iliyopita ulichukua kucha.”

“Na nywele,” binti yangu akachochea, huku mkono ameshaunyoosha tayari kuchomwa.

“Mkimaliza mtaniachia nini? Kandambili zake?”

“Na wewe changia basi, baba,” Dada wa Boksi akasema bila kuinua macho kwenye sindano.

“Lete kichupa!”

“Kwanza niambie, una mimba ya miezi mingapi?”

“Hili tumbo limekuzidi umri wewe,” nikamwambia, “na bado halijazaa.”

Walicheka wote wawili, mimi nikatoka kifua mbele. Ila moyoni sikuwa naelewa. Damu ya mwanangu inakwenda wapi? Nilielezwa kwamba inawekwa kwenye baridi, inalinganishwa na ya mamia ya akina mama wengine, ili siku moja ijulikane presha hii inaanzia wapi. Siku moja ipi? Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akikuchukulia kitu, jioni anakurudishia au mnagombana.

Siku yenyewe nilikuwa uani nanoa panga kwenye jiwe la umeme, cheche zinaruka, binti yangu akaja upande wa sikio lililobaki kazini.

“Baba, siku ya kujifungua wanataka kondo la nyuma. Nimekubali. Ndilo muhimu kuliko vyote walivyochukua. Mimi nitakuwa hoi, na mwenzangu yuko barabarani, kwa hiyo ni kazi yako. Hakikisha dada anapigiwa, asilikose.”

Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Nilivyosikia mimi ni kwamba wanataka kondoo wa nyuma.

Wewe unayesoma, najua umeshaelewa. Kaa kimya. Wewe una masikio mawili. Na nyumba niliyokulia mimi, jambo lile akina mama waliliita zalio, tena kwa kunong’ona, mlango umefungwa. Hilo jina lingine lilikuwa halijawahi kunisalimia.

Nikazima jiwe. “Kondoo?”

“Ee, kondo.”

“Wa nyuma?”

“La nyuma, baba.”

Hapo kitu kilinigusa, siwezi kukataa. Kondoo ni mnyama, anachukua “wa”, hata kitabu kisicho na jalada kinasema hivyo. Lakini vijana wa siku hizi utawasikia: kondoo iko, mbuzi ile, ng’ombe hii. Mpaka watangazaji. Nikamsamehe. Mjamzito humsahihishi sarufi kama unapenda amani nyumbani kwako.

“Niachie mimi,” nikasema.

Akanishika bega. “Usisahau, baba. Safari ile vilitupwa. Safari hii nataka kijulikane kitu.”

Macho yake yalikuwa mazito, nami nikaapa kimoyomoyo kwamba kama hospitali wanataka kondoo, watampata kondoo.

Nikaenda kwa Bucha. Ukuta wake na wangu ni mmoja, na huwa anaweka wanyama wake wachache kwenye zizi la mabati nyuma ya duka. Nilikuwa nimemfufulia mota ya friza lake baada ya mafundi wenye vyeti kuisomea dua, kwa hiyo alikuwa ananitazama kwa heshima bado.

“Hospitali wanataka kondoo wa nini?” akauliza. “Wana wagonjwa au wana wageni?”

“Wa utafiti.”

“Utafiti gani?”

“Wa presha ya wajawazito.”

“Kondoo wangu hawana presha.”

“Ndiyo maana wanawataka.”

Bucha alifuta kisu chake kwenye aproni, akafikiri. “Jike au dume?”

“Wa nyuma.”

“Wa nyuma ndiye yupi?”

Swali hilo nilikuwa nimelitafuna njia nzima, na jibu nilikuwa nalo. “Yule anayetembea mwisho wa kundi. Hebu fikiri, bwana. Anayetembea nyuma ndiye anayevuta vumbi la wenzake wote. Mapafu yake ni maktaba.”

“Lo!” akasema Bucha, akashika kiuno. “Hawa wasomi hawa! Mimi huyo wa nyuma ndiye ninayemdharau kila siku.”

Tukawatoa zizini, tukawazungusha uwanja mzima ili tujue kwa haki nani ni wa mwisho. Hapakuwa na ubishi. Alikuwa kondoo mmoja mwembamba, anachechemea mguu wa nyuma, na sikio lake la kulia limekunjika. Tulitazamana, mimi naye, kama watu waliostaafu kazi moja.

Nikampitisha nyuma ya nyumba jioni ileile, nikamfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Sikumwambia binti yangu. Nilitaka siku ya siku ikifika ashangae, aone baba yake si mtu wa maneno tu. Alipomsikia akilia alidhani ni wale wa kwa Bucha, maana mlio hauna ukuta.

Asubuhi yake yule mnyama alikuwa amekula shuka moja, soksi zangu zote mbili, na kipande cha waya wa antena. Ile ya antena ni kweli tupu. Redio haijasema tangu siku ile. Nikaona huyu akikaa hapa mpaka siku ya kujifungua, mjukuu wangu atazaliwa kwenye nyumba isiyo na mlango.

Nikaingia ndani kumwona binti kwanza. Alikuwa amelala kwenye kochi, ameweka kitambaa machoni, mapazia yamefungwa.

“Mwanga unaniumiza, baba. Ni kichwa tu.”

Alipotoa kitambaa nikaona uso umemvimba, kama wa mtu aliyelala kifudifudi, na pete ameivua na kuiweka kwenye kisosi.

“Nimpigie Dada wa Boksi?”

“Usimpigie!” Alilisema haraka mno. “Bado wiki nyingi. Nikilala kitapoa.”

Sikulipenda jibu lile. Ila mtu mzima akikwambia usimpigie simu muuguzi wake, unafanyaje? Nikasimama pale katikati ya sebule sijui nikae au nitoke. Kisha kondoo akalia, nikasikia kitu kingine kinachanika, nikatoka mbio. Hapo ndipo akili yangu ilipopata kijia: binti amenikataza kupiga simu ya kichwa. Simu ya kondoo hajanikataza.

Nikapiga.

“Haloo, Dada wa Boksi? Huyu baba. Kondoo wa nyuma yuko tayari.”

Upande wa pili kulikuwa na honi na upepo, alikuwa kwenye gari. “Nini? Kondo? Tayari? Tangu lini?”

“Ametoka jana jioni.”

“Jana! Baba, tangu jana hamjanipigia?”

“Nilitaka apumzike kwanza.”

“Limetoka zima?”

“Mzima, mpaka mkia.”

“Mpaka nini?”

“Mkia!”

Mtandao ukakatakata. “...kitovu... haya... sasa hivi liko wapi?”

“Nyuma ya nyumba.”

“Mmelitupa nyuma ya nyumba?”

“Nimtupe? Nimemfunga kamba!”

“Baba, nisikilize vizuri. Liweke mahali pa baridi sasa hivi. Usilioshe. Na usilitie kwenye friza!”

“Hata nikitaka, haingii.”

“Na mama? Mama hali yake ikoje?”

“Mama yake simjui. Nadhani amebaki kwa Bucha.”

“KWA BUCHA?” akapiga ukelele, simu ikakata.

Nikabaki nimeishika ile simu. Huyu naye sarufi yake ni ileile ya liweke, limetoka, usilioshe. Nikawaza labda ni lugha ya kitabibu, labda mnyama akishaingia kwenye utafiti anabadilishwa ngeli. Lakini agizo ni agizo. Mahali pa baridi pekee nyumbani kwangu ni bafuni, sakafu ya saruji. Nikamkokota mpaka humo, nikamfunika taulo lililoloweshwa maji, na kwa kuwa niliambiwa nisimwoshe, nililikamua kwanza.

Gari lilifika vumbi likiwa halijui lielekee wapi. Dada wa Boksi akaruka kabla halijasimama, boksi la bluu mkononi, nyuma yake dereva.

“Liko wapi?”

“Bafuni.”

Akafungua mlango wa bafu. Kondoo akamtazama. Naye akamtazama kondoo, taulo langu la mistari likiwa begani kwa yule mnyama kama mzee aliyetoka kuoga.

“Baba. Hiki ni nini?”

“Kondoo wa nyuma. Kama mlivyoagiza. Sijamwosha.”

Dereva alishika ukuta, akashindwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka bila sauti. Dada wa Boksi hakucheka hata kidogo. Aliuliza neno moja tu, polepole: “Binti yako yuko wapi?”

“Sebuleni. Ana mimba yake.”

“Hajajifungua?”

“Ajifungue vipi, na kondoo bado yuko hapa?”

Kelele zile zikamwinua binti yangu. Alitokea kwenye ujia anatambaa na ukuta kwa kiganja. Akamwona muuguzi, akaona boksi, akaona kondoo, akanitazama mimi. Nikaona mambo yanajipanga kichwani mwake moja moja.

“Baba,” akasema. “Baba jamani. Kondo. Kondo!” Kicheko kikamtoka, kile cha utotoni mwake, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba. Kikakatika katikati. Akashika chini ya mbavu, upande wa kulia, akainama.

Dada wa Boksi alishaliweka boksi chini. Akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamtazama uso, akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akatoa mashine ya presha, akapima. Akapima mkono wa pili. Hakusema namba.

“Unaona vimulimuli?”

“Tangu jana.”

“Na kichwa?”

“Tangu juzi.”

“Mimi nilikwambia nini? Saa yoyote, simu. Kwa nini hukunipigia?”

Binti yangu alitazama sakafu. “Ile ya kwanza ilianza hivihivi. Nikaona nisipoitamka, labda haitakuwa.”

Dereva alikuwa ameshanyanyuka kwenye ndoo na kwenda kuwasha gari.

Ndani ya gari mimi nilikuwa mbele, wao wawili nyuma, Dada wa Boksi anaongea na hospitali kwa simu, akisema maneno mafupi. Alipomaliza nikageuka.

“Samahani, mwanangu. Hiyo kondo ni kitu gani?”

“Ni lile linalomlisha mtoto tumboni, baba. Linatoka nyuma yake, akishazaliwa.”

“Zalio!”

“Zalio, ndiyo. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo.”

Nikageuka mbele. Kumbe lilikuwa na “la” yake halali, na aliyekosea ngeli ni mimi. Nikawa nahesabu mambo na hesabu inakataa. Ningesikia vizuri, nisingemleta kondoo. Nisingemleta kondoo, nisingepiga simu. Nisingepiga simu, mwanangu angekuwa amelala kwenye kochi, kitambaa machoni, anangoja kipoe. Sasa mtu katika hali hiyo anajilaumu au anajipongeza? Nilimuuliza dereva. Akasema, “Mzee, mimi naendesha tu.”

Hospitali walimpokea mlangoni. Wakamwekea dawa ya kuzuia degedege kwenye mshipa, daktari akaja, akaondoka, akarudi na mwingine. Ikasemwa mtoto atolewe leo, kwa upasuaji, haiwezekani kungoja. Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Pale kwenye mlango mpana wa chumba cha upasuaji aliwaomba wasimame kidogo.

“Baba.”

“Nipo, mama.” Akiwa mgonjwa huwa namwita mama.

“Mimi na mtoto tuna watu wa kutuangalia. Wewe angalia lile lingine. Lisitupwe, baba.”

“Halitupwi.”

“Umenisikia safari hii?”

“Kwa masikio yote.”

Wakamsukuma ndani. Dada wa Boksi akaniweka kwenye benchi la ujia ule na boksi la bluu kwenye mapaja. Hakuna mtu wa utafiti aliyekuwa amejiandaa, akaniambia, walitegemea siku nyingi mbele, hivyo anakimbilia maabara, jengo la pili, kuleta vichupa na dawa ya kuhifadhia. Kati ya wauguzi wa mle ndani ameshamwambia mmoja. Mmoja tu. “Usiondoke hapa.” Akaenda, viatu vyake vinalia kwenye sakafu mpaka nikaacha kuvisikia, jambo ambalo kwangu halichukui muda.

Nikakaa. Ule ujia ulikuwa na rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, juu nyeupe, na saa ya ukutani iliyosimama. Niligeuza sikio la kushoto kuelekea mlango kama mtu anayetega redio. Nilisikia magurudumu, vyuma, mtu anakohoa. Nikawaza lile la kwanza, kimya kile kilivyokuwa. Mwenye masikio yangu hawezi kujua kama ni kimya au ni yeye.

Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kama mteja aliyekatiwa maji. Nawaambia nilimsikia kwa sikio la kulia, lililokufa. Na hapa siongezi chumvi, au nikiongeza ni kidogo. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena na boksi.

Mlango ukasukumwa. Akatoka mama mmoja wa usafi, mnene, wa makamo, glavu mpaka kwenye viwiko, amebeba ndoo yenye mfuniko. Akaupita mguu wangu, akaelekea mwisho wa ujia, kwenye mlango ulioandikwa kwa rangi nyekundu, wa kutokea nje kwenye tanuri la kuchomea taka.

Dada wa Boksi hayupo. Ujia mtupu.

“Mama! Mama, samahani. Umebeba nini?”

“Uchafu, mzee. Pisha.”

“Uchafu gani?”

“Wa chumba cha upasuaji. We mzee, unataka kufunguliwa ndoo?”

Nikasimama mbele yake. “Hilo ni kondo. Ni kondo la utafiti.”

“Kondoo?” Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. “Mzee, hii hospitali. Kondoo wako umemwacha wapi?”

“Kondoo nimemwacha bafuni. Nasema kondo!”

“Bafuni! Haya, baba yangu. Kaa hapo kwenye benchi, nitakuitia mtu.” Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya huruma, ile ya kuongea na watu waliopotea kwenye wodi zao. Akanizunguka kwa upole, akashika kitasa cha ule mlango.

Nilikosa neno. Neno lenyewe nilikuwa nalo, jipya kabisa, nimelipata asubuhi ileile kwa gharama ya soksi mbili, na halikufanya kazi! Ndipo likanitoka lile la zamani, la mlango uliofungwa, ambalo mwanamume hakutakiwa hata kulijua:

“Zalio! Zalio la mwanangu!”

Mkono wake ukasimama kwenye kitasa.

“Ah,” akasema. “Zalio. Si useme hivyo? Unanichanganya na mifugo.” Akaiteremsha ndoo. “Limefanyaje?”

“Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya. Zalio lilitupwa, hawakuweza kumwambia kitu. Hili ameahidi watafiti. Akizinduka ataniuliza.”

Yule mama alinitazama tena, safari hii usoni tu. Kisha akavuta ndoo kwa mguu mpaka kwenye benchi, akaketi kando yake, akaiwekea mkono juu kama mtu anayelinda mzigo stendi.

“Mimi sijaambiwa kitu,” akasema. “Huwa hatuambiwi. Tungoje huyo mwenye boksi.”

Tukangoja. Dada wa Boksi akarudi anahema, trei ya vichupa mkononi, akaona ndoo, akaona mama wa usafi, akaona mimi. Nikasimama wima.

“Kondo liko tayari,” nikasema. Liko. Nililitamka mpaka mwisho.

Walilihamishia kwenye beseni safi, pale kwenye chumba kidogo cha pembeni, Dada wa Boksi akaniuliza kama nataka kutoka. Sikutoka. Sasa mimi ni mtu wa kukuza mambo, kila anayenijua anajua, na ningeweza kuwaambia lilikuwa kubwa kama usukani wa lori. Lilikuwa kama sahani ya kulia. Upande mmoja ulikuwa unang’aa, na juu yake mishipa imetandazwa, mkubwa mmoja katikati unagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, mpaka huko pembeni ikawa myembamba kama uzi.

Nilikuwa nimeichora ramani hiyo maisha yangu yote. Bomba kubwa kutoka pampuni, mabomba ya mitaa, mabomba ya nyumba. Nikamwonyesha kwa kidole, bila kugusa.

“Hapa pameziba.”

Kulikuwa na sehemu ngumu, yenye rangi iliyopauka, na mishipa inayoelekea pale ilikuwa imenywea.

“Unaona vizuri, baba. Hapo napo tutapachukua.”

Kazini kwetu bomba likipasuka hatukuwa tukitupa kipande kibovu kabla hakijawekwa mezani na kutazamwa. Hata iwe tumelowa mpaka shingoni. Na mimi, niliyeshinda miezi ile nikiuliza damu ya mwanangu inakwenda wapi, sikuwahi kuliunganisha hilo na hili.

Akakata vipande, akavitia kwenye vichupa, akaandika juu yake, akafunga. Mimi ndiye niliyeshikilia kifuniko cha boksi.

Mtoto ni wa kike. Alikuwa mdogo, mkono wake mzima haujai kidole changu cha gumba, wakamweka kwenye kasha la joto. Anapumua mwenyewe, walisema. Binti yangu alipozinduka vizuri, midomo imemkauka, swali lake la kwanza lilikuwa la mtoto. La pili likawa langu.

“Lilikwenda?”

“Lilikwenda.”

“Uliliona?”

“Nililiona likiingia kwenye boksi, na boksi nikaliona likiondoka.”

Akafumba macho. Dada wa Boksi alikuwa miguuni pa kitanda, anaangalia chupa ya dawa. Binti yangu akamuuliza bila kuyafumbua: “Nitaambiwa kwa nini?”

“Tutakuambia tutakachokiona kwenye hili lako. Lakini la kwa nini...” Alisita. “Inawezekana lisijulikane sasa. Inawezekana likajulikana, likamfaa mtu mwingine kabisa.”

Nilidhani atalia. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa lakini linakuja. “Sawa,” akasema. “Mradi halikutupwa.”

Mimi bado limenichanganya hilo. Unatoa kitu, hujui ni kwa ajili ya nani, hujui lini, na unalala usingizi mzuri. Nimejaribu kumweleza Bucha, naye amechanganyikiwa kuliko mimi, tena anadai yeye ndiye mtafiti mkuu kwa kuwa mnyama alikuwa wake. Ila huyo kondoo, Bucha amekataa kurudishiwa. Tumempa jina, Sampuli, na mtu hawezi kuchinja kitu chenye jina la kitaalamu. Anakaa kwangu, nyuma ya nyumba, tunasikilizana kila mtu kwa sikio lake moja.

Mkwe wangu alipiga simu akiwa barabarani, mtandao unakuja na kuondoka, injini inanguruma nyuma yake. Habari zilishamfikia, ila kwa vipande.

“Baba, shikamoo! Mama na mtoto nimeambiwa wazima, namshukuru Mungu. Lakini dereva mwenzangu ananiambia mmetoa kondoo hospitalini?”

“Marahaba. Tumetoa kondo.”

“Kondoo wa nini, baba?”

“Si wa, mwanangu. La.”

“La? Hamkutoa?”

“Tumetoa! Nasema la.”

“La nini?”

“La nyuma!” nikapiga kelele, na Sampuli akaitika kutoka uani.